Mwaka Waliponisomea Halbadiri

Twaha amekufa. Habari niliipata sokoni, nimeshika fungu la mchicha mkononi, na nitasema kweli kwa sababu nimefika umri wa kutomwogopa mtu: sikusema innalillahi mara ile. Nililipa mchicha kwanza. Halafu nikaisema, maana kifo ni haki na kila mtu ataipita njia hiyo, lakini niliisema kwa ulimi tu. Siku ya hitima nikavaa buibui langu nikaenda, kwa kuwa mtaa wetu wa Kuze ni mdogo na asiyeonekana matangani huulizwa. Nikakaa mkekani ukumbini na wanawake wenzangu, nikapewa juzuu yangu nikaisoma, na tulipomaliza kusoma ndipo sifa zikaanza. Marehemu alikuwa mtu wa watu. Marehemu hakuwa na neno na mtu. Marehemu ndiye aliyewafungua macho watu wa Mombasa kwa mambo ya kompyuta, ati, kana kwamba kabla yake kisiwa kizima kilikuwa kikihesabu kwa kokwa za ukwaju. Bibi mmoja aliyeketi ubavuni mwangu akanigusa goti. "Nawe Zuhura, si ndiye aliyekufundisha kazi? Mungu amlipe." Nikamwambia, "Amin. Mungu amlipe kwa yote aliyonifanyia." Akaridhika, masikini, akaendelea na chai yake.

Watu husema maiti hasemwi. Haya, mimi simsemi maiti. Namsema Twaha alipokuwa hai, ana meno yake yote, ana shati lake la mikono mifupi lililopigwa pasi na mamake, na bunda la funguo kiunoni likilia kila apitapo ili sote tujue kwamba anapita. Tena namsema Twaha wa mwaka mmoja tu. Ni mwaka ule karatasi za forodha zilipoanza kupitia kwenye kompyuta, na mawakala wote wa mizigo wakawa wanakimbizana kununua mashine wasizozijua. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, cheti cha chuo kiko kwenye bahasha, wino haujakauka vizuri. Nilidhani kujua kazi kunatosha. Lo! Mtoto ni mtoto.

Ofisi ilikuwa ya mzee mmoja wakala wa forodha, Mzee Swaleh, ghorofani kwenye nyumba ya kale pale Mji wa Kale unapogusana na Makadara. Chini palikuwa na ukumbi wa wageni wenye viti vya kusuka na saa ya ukutani isiyokwenda. Juu tulikaa sisi makarani, meza zimebanana mpaka ukitaka kupita lazima mwenzio anyanyuke. Na nyuma kabisa, palipokuwa stoo ya nyumba zamani, ndipo palipowekwa seva, ile kompyuta kubwa iliyokuwa ikizihudumia nyingine zote. Kuta nene za mawe na chokaa, boriti juu, na zidaka ukutani ambamo wenyewe wa kale walipanga sahani zao za Kichina, na sisi tukapanga bisibisi na nyaya. Seva ilisimama sakafuni, nyeusi, kimo cha mbuzi, na kiyoyozi kikiidondoshea maji ndoo iliyokuwa kando. Ndicho chumba pekee cha baridi katika nyumba nzima, kwa hivyo kila mtu alikuwa na shughuli humo. Karani akirudi kutoka bandarini Kilindini, jasho linamtiririka, atasema, "Nimekuja kuuliza seva ina hali gani," kisha atakigeuzia kiyoyozi mgongo mpaka shati likauke. Mzee Swaleh mwenyewe alificha chupa zake za juisi ya ukwaju nyuma ya mashine. Kila mtu aliruhusiwa kuingia kujipoza. Mimi niliyeajiriwa kuifanyia kazi ndiye niliyeulizwa nimefuata nini.

Maana mashine ile ilikuwa na mfuniko wenye kufuli, na ufunguo wake ulikuwa kiunoni mwa Twaha. Twaha alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Alijifunza kompyuta Dubai, au alisema hivyo, na kila alipokwama alianza sentensi kwa "Sisi kule Dubai." Kazi niliyopewa mimi ni kupangusa vumbi na kubadilisha wino wa mashine ya kuchapisha. Asubuhi tulikula pamoja mezani, mahamri na mbaazi za nazi tulizoletewa na mama mmoja wa mtaa wa nyuma, na Twaha alikuwa na mazoea ya kula huku akinisema mimi kwa sauti, kana kwamba sipo. "Siku hizi vyuo vyatoa vyeti kama vocha za simu. Mwanamke na seva, wapi na wapi?" Watu wakicheka. Aliyekuwa akimjibu ni Kadzo, karani wa hesabu, Mkristo wa Rabai, mwanamke mnene asiyetaka upuuzi. "Na mwanamume na mahamri manne, wapi na wapi, Twaha? Tuachie na sisi." Hapo wakamcheka yeye. Lakini aliyelipishwa kicheko kile ni mimi. Mchana mzima nilitumwa kupanda na kushuka ngazi kwa vitu ambavyo havikuhitajika.

Kufikia masika seva ilikuwa imeelemewa. Kazi iliongezeka, mashine ni ile ile, na memori yake ndogo. Memori ni vile vijiti vyembamba vya kijani vyenye meno ya rangi ya dhahabu, ambavyo kompyuta huvitumia kushikilia kazi iliyo mikononi mwake wakati huo. Vikiwa vichache, mashine huwa kama mpishi wa harusi aliyepewa sufuria moja: si kwamba hajui kupika, hana pa kupikia. Makarani walibonyeza wakangoja, wakanywa chai, wakangoja, na huku malori yamejipanga nje ya geti la bandari na madereva wanatukana kwenye simu. Mzee Swaleh akaagiza vijiti vinne vipya Dubai kupitia kwa mpwa wake. Vilipofika, Twaha alikuwa Kilindini, kwa hivyo aliyepokea ni mimi. Nikamwonyesha Mzee, akavitazama kama mtu anayeonyeshwa biskuti, akasema mashallah, vitunze mpaka mwenzio aje. Nikavifungia kwenye mtoto wa meza yangu. Ndilo kosa lililonigharimu jina langu, na mpaka leo sioni kwamba lilikuwa kosa.

Kesho yake asubuhi Twaha akavitia mwenyewe. Hakutaka nishike hata bisibisi. Ofisi nzima ilijaa mlangoni, na Mzee Swaleh kaletewa kiti, kama watu wanaongoja bibi harusi atolewe nje. Niliona kwamba upande wa ndani wa mfuniko kumebandikwa mchoro wa nafasi za vijiti, nikamwambia, "Kaka Twaha, kuna ramani hapa, tuitazame kwanza." Akanijibu bila kugeuka, "Ramani huitazama mgeni." Akavipachika vyote vinne kwa safu moja, moja baada ya nyingine, akafunika, akawasha. Mashine zile zilikuwa na desturi ya kujihesabu memori kwenye kioo kila ziwakapo, tarakimu zikipanda. Zikapanda, zikapanda. Zikasimama pale pale zilipokuwa zikisimama siku zote. Ikawa kama hakuna kilichoongezwa. Mmoja akakohoa. Mzee akauliza, "Ndiyo hivyo?"

Nilimwona Twaha shingo ikimbadilika rangi. Angesema "ngojeni niangalie tena," yangekwisha, hakuna ambaye angemcheka zaidi ya siku moja. Badala yake akanigeukia mimi. "Vijiti hivi sivyo. Hivi vimekufa. Vizima viko wapi, Zuhura?" Nikacheka, kwa kuwa nilidhani ni mzaha. Akawageukia watu. "Vililala kwenye meza yake. Na binamuye ana kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Makadara. Mimi sisemi kitu." Husema hivyo mtu anayesema kila kitu. Nikamwambia afungue mashine tutazame pamoja mbele ya watu. Akatia ufunguo, akafunga kufuli, akaurudisha ufunguo kiunoni. "Nifungue nini, nicheze na mali ya watu?" Nikamtazama Mzee Swaleh. Mzee akanyanyuka kwenye kiti polepole. "Mimi sitampeleka mtu polisi, na sitamtaja mtu. Mungu yupo. Nitasomesha Halbadiri."

Asiyetoka pwani yetu huenda asijue neno hilo linaangukaje sikioni. Mtu akiibiwa na mwizi hajulikani, huwaita masharifu na walimu wakamsomea Halbadiri, yatajwe majina ya watu wa Badri, wale waliopigana vita pamoja na Mtume, na mwizi, popote alipo, imshike. Tumbo litamfura, au atapofuka, au atakohoa mpaka arudishe. Nimeshaona mtu karudisha baiskeli kwa kusikia tu kwamba kisomo kimepangwa. Wako masheikh wanaoikataza, na wao nawaheshimu, lakini hofu haiulizi fatwa. Alasiri ile Kadzo alinifuata chooni nilikokwenda kulia. "Mimi ni mtu wa kanisa," akaniambia, "lakini hiyo kitu naiogopa. Nambie mimi peke yangu. Ulichukua?" Nikamwambia sikuchukua. Akanitazama sana. "Basi usilie. Wanaolia ndio wanaoogopa. Nawa uso, toka na kichwa juu."

Wakasoma Alhamisi baada ya Alasiri, kwenye ule ukumbi wa chini. Ubani ulifuka mpaka ngazini. Na nani alipakua pilau ya kisomo? Sisi wanawake wa ofisi, pamoja na mimi. Nilipanga sinia za wale waliokuja kunilaani, nikazitia kachumbari na ndizi, nikahakikisha kila sinia ina nyama ya kutosha wasije wakasema nawabania. Tukakaa nyuma ya pazia, sauti za wasomaji zikapanda, na kila walipofika pa kuitikia, mimi niliitikia amin kwa sauti kuliko wote. Kadzo akanifinya. Nikasema amin tena. Kwa nini nisiseme? Aliyefanya dhuluma ile imshike, nami ndilo nililotaka. Kisha nikala, nikaongeza, na mifupa nikaifyonza. Kwenye mwanya wa pazia nilimwona Twaha amekaa karibu na mlango, mikono mapajani. Wenzake wamefumbua viganja, yeye hakufumbua. Kabla ya dua ya mwisho alinyanyuka, akasema tumbo linamkata, akatoka. Niliona, na sikuelewa.

Kisha jino likaniuma. Wallahi, kama mtu amepanga. Jino la mwisho kabisa, lile linaloota mtu ameshakuwa mzima, lilichagua wiki ile ile. Shavu likafura likawa kama nimeficha andazi. Daktari wa meno akasema haling'olewi mpaka uvimbe ushuke, akanipa vidonge. Unaweza kufikiria. Nilipita mtaani nimejifunika uso, na kujifunika kwenyewe kukawa ushahidi. Mwenye duka tulilokopa sukari tangu nizaliwe alinihudumia bila kuniangalia. Nyuma yangu nikasikia, "Imeanza kumshika." Mwingine, "Shavu bado, tumbo laja." Na yule mama wa mahamri, niliyemwamkia kila siku shikamoo mama, akamwambia jirani yake, tena bila kushusha sauti, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Binamu yangu alikosa wateja kibandani kwake mpaka akahamia bara. Ofisini walinisogezea kikombe changu peke yake mwisho wa meza. Yote hayo niliyabeba. Lakini jioni moja mamangu alinikandia shavu kwa kitambaa cha maji ya chumvi, ananikanda taratibu, kwa huruma zote, halafu akasema chini chini, "Mwanangu, kama ulichukua, rudisha tu. Mimi sitakulaumu." Hilo sikulibeba. Nilinyanyuka nikaenda kulala na njaa. Naweza kusema watu wote wa Kuze hawana maana kwangu, lakini mamangu alikufa na swali lile machoni, na aliyelitia humo ni Twaha.

Mwezi wa Maulidi ukaingia na Twaha akaenda Lamu na funguo zake. Hakuacha hata mmoja. Asubuhi moja tukaja tukakuta seva imezimika, na kila tukiiwasha inalia milio mirefu, inanyamaza, inalia tena. Simu zikaanza. Kontena za mteja mkubwa wa Mzee zilikuwa bandarini zinangoja karatasi, na karatasi zimo ndani ya ile seva. Mzee Swaleh akatoka chumbani kwake amevua kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Yuko nani wa kuifungua hii?" Mimi nikasikiliza ule mlio, nikaujua, kwa kuwa chuoni tulifundishwa: mashine ya namna ile ikilia hivyo, inalalamika memori. Na mashine hailalamikii kijiti isichokiona; basi vile alivyosema Twaha vimekufa, vilikuwa hai. Nikasema kwa shavu langu lile lile, "Mimi nitafungua. Lakini Kadzo aingie na mimi, ashuhudie." Mzee akapunga mkono tu: fanya.

Nikavunja kufuli kwa bisibisi kubwa. Sauti ile nilivyoipenda! Kadzo akashika tochi, kwa sababu taa ya chumba ilikuwa ya kuombea dua iwake, nikauegemeza mfuniko ukutani, mchoro ukitutazama. Vijiti vyote vinne vilikuwa mle mle, kwa safu ile ile aliyoviweka. Mchoro ulisema wazi, hata mtoto wa chuoni angefahamu: mashine hii haipokei memori ovyo, hupokea kwa jozi, nafasi nyeupe kwa mwenzake mweupe, nyeusi kwa mweusi. Ukivipanga kwa safu, haikuhesabii. Na kimoja kilikuwa hakikushindiliwa vizuri tangu mwanzo, kimelegea sasa, ndicho kilichokuwa kikiifanya ilie. Nikavitoa, nikavipangusa meno, nikavirudisha kila kimoja kwa mwenzake, nikashindilia mpaka vishikizo vikalia ta. Tukawasha. Tarakimu zikapanda zikafika pale pa siku zote. Kadzo akanishika bega. Zikapita. Zikaendelea kupita. Kadzo akapiga kigelegele katika chumba cha seva, ofisi ikatujia mbio, nami nikakaa sakafuni kando ya ndoo ya maji nikalia kama nilivyokatazwa kulia.

Nikaenda kwa Mzee Swaleh na nyuso zote zikinifuata. "Mzee, havikuibwa! Vilikuwa ndani siku zote, viliwekwa vibaya tu. Kadzo yuko hapa, ameona." Mzee akanyanyua mikono miwili juu, machozi yanamlengalenga, akasema, "Alhamdulillahi. Kisomo kimejibu." Sikuelewa. Nikamweleza tena, jozi, nyeupe na nyeusi, mchoro. Akawa anatikisa kichwa kwa upole, vile mtu mzima amtikisiavyo mtoto anayesema uongo wa kitoto. "Yamekwisha, mwanangu. Muhimu vimerudi. Hata jino litapoa sasa." Nikatazama watu, na nikaona wote wamekwisha kuamua kwamba nimevirudisha mimi. Aliingia peke yake na yule rafikiye, vijiti vimepatikana. Nani asiyejua kujumlisha? Kadzo akapaza sauti, "Jamani, nimeviona kwa macho yangu, vilikuwa ndani!" Wakamwambia, "Kadzo, wewe ni Mkristo, hujui Halbadiri inavyofanya kazi." Na jino, Mungu anisamehe, lilianza kupoa wiki hiyo hiyo.

Kwa hivyo alibaki mtu mmoja tu duniani wa kunisafisha. Aliporudi kutoka Lamu nilimfuata chumba cha seva nikafunga mlango. Akalitazama kufuli lililovunjika. Hakushtuka. Akasema, "Kumbe ulifungua." Kwa namna alivyolisema, nikajua. Nikamwuliza, "Ulijua?" Akakiangalia kiyoyozi. "Nilifungua siku ya pili yake, nikaona. Nilitaka kuvipanga upya. Lakini Mzee alikuwa ameshawaita watu wa kisomo." Nikamwambia, "Ukaniacha nikasomewa." Akasema, "Nitawaambia nini watu, Zuhura? Kwamba nimemzulia mtu kwa sababu sikutazama ramani? Mimi ndiye nimesimama hapa siku zote nasema najua." "Basi sema sasa. Mwambie Mzee. Dakika moja tu." Akafikiri. Nilimwona anafikiri, siwezi kumnyima hilo, alikaribia. Halafu akanyoosha shati. "Wewe ni mwanamke, utaolewa, utahama, watu watasahau. Mimi hapa ndipo ninapopatia riziki." Akafungua mlango akaenda kula mahamri.

Nilimwambia Mzee. Twaha akakana kwa tabasamu. Nikamwambia mamangu, akasema, "Mungu ndiye ajuaye," na mwenye kusikia maneno hayo kwa mamake anajua yalivyo. Kabla mwaka haujaisha niliacha kazi. Sikuhama, kama alivyonipigia ramli, niliolewa papo hapo Kuze na mwanamume ambaye dadaze walimtahadharisha juu yangu. Nimefanya kazi ya kompyuta maisha yangu yote, nimetia memori kwenye seva za shule, za hospitali, za maofisi mara elfu, na kila mara natazama mchoro kwanza. Na mpaka leo mteja wa mtaani kwangu akiniletea kompyuta atauliza, kwa adabu kubwa, "Kwani hii ina memori ngapi ndani, Bi Zuhura?" kabla hajaniachia. Watu watasahau! Mwenye kovu usidhani kapoa. Twaha niliishi naye mtaa mmoja miaka yote hii. Alinisalimu msikitini siku za Idi, mkewe Shamsa alinipelekea futari kila Ramadhani, tambi na kaimati kwenye sahani iliyofunikwa vizuri, nami nikairudisha sahani na kitu juu yake, kama tulivyolelewa.

Haya, siku ya hitima. Nilikuwa najiandaa kuondoka, sifa zimenifika kooni, alipokuja msichana akaniambia Bi Shamsa ananitaka ndani. Yuko eda, hatoki. Nikaingia chumbani kwake, pazia tu limetutenga na ukumbi, wanawake wote wale wako upande wa pili na vikombe vyao. Amekaa kitandani na nguo zake nyeupe, amekonda. Tukashikana mikono, nikampa mkono wa tanzia, nikasema yanayosemwa. Akawa hauachi mkono wangu. "Dada Zuhura, nakuomba kitu kimoja. Mwie radhi mwenzio. Mtolee radhi, asiulizwe kwa ajili yako huko aliko."

Nikamwuliza, "Radhi ya nini, Shamsa?"

Nilitaka kuona kama atasema marehemu alikuwa na ulimi mkali, au mambo ya kazini, au hivyo hivyo tu tuombane radhi kama Waislamu. Akainamisha kichwa. "Ya vile vijiti. Alinambia. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa alinambia yote, akalia. Alikuwa akiumia, dada, usidhani hakuumia."

Nikakaa kitandani kando yake bila kukaribishwa. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa mamangu alikuwa hai. Mamangu alikuwa hai, anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, na Shamsa alikuwa akimletea uji. Nikahesabu zile sahani za futari zote kichwani nikaona kila moja ilikuwa ikifunika nini. "Na wewe ulinyamaza," nikasema. Akajibu upesi, alikuwa nalo tayari, "Ningemwaibishaje mume wangu?"

"Sawa. Mume ameshazikwa, haaibiki tena. Mimi radhi ninayo, Shamsa, na nimechoka kuibeba, ningependa niitoe leo. Wewe bado u hai na sauti unayo. Watu wale pale. Waambie hayo maneno uliyoniambia mimi, kama ulivyoyasema, na hapo hapo nitasimama nimwie radhi mbele yao, kwa sauti ile niliyoitikia amin."

Sijui wale wa ukumbini walisikia kiasi gani, lakini kijiko hakikulia tena kikombeni. Shamsa akalitazama pazia. Nikaona midomo yake inafunguka, na wallahi nilianza kumpenda. Halafu akanyoosha mkono, akalivuta pazia likafunika ule mwanya mdogo uliokuwa umebaki, akalishikilia hapo.

Nikavaa viatu vyangu, nikapita katikati ya wanawake, nikawaaga kwa heri. Radhi yake nimerudi nayo nyumbani.